Kipimo cha Saa Tisa

Saa tisa usiku, kwenye chanzo cha maji, Capripoint,
nateremsha chupa kwa kamba ya manila.
Ziwa limelala vibaya, linageukageuka.
Naandika: joto, nyuzi ishirini na nne nukta mbili.
Tope, kiasi. Harufu, ya mwani.
Daftari la zamu halina safu ya mshangao,
basi wangu nauweka hapa.

Oksijeni moja, haidrojeni mbili:
hilo hata Lubango wangu analijua.
Ila familia hiyo haikunyooka.
Imepinda, nyuzi mia na nne na nusu,
kama kiwiko cha mtu aliyejitwika ndoo.
Upande huu hasi, upande ule chanya,
kila mmoja anatafuta jirani wa kumshika.
Ingenyooka,
ziwa hili lingekuwa mvuke zamani sana
na mimi nisingekuwa na zamu.

Hushikana, huachana, hushikana,
upesi kuliko ulimi unavyotamka "shika".
Ndiyo maana hapa kando ya ngazi
mdudu wa miguu mirefu amesimama
juu ya ngozi ambayo haipo.

Wahenga walisema maji hayapandi mlima.
Njoo mchana nikuonyeshe mkuyu
kwenye majabali ya kule Bugando:
mizizi imeingia ufa usiopitisha kisu
na maji yanapanda, uzi kwa uzi,
tone likimvuta mwenzake kwa mkono
hadi jani la juu kabisa.
Hakuna pampu. Hakuna bili ya umeme.
(Nilitaka kumwambia injinia. Nikaacha.)

Mume wangu huuza barafu Mwaloni, Kirumba.
Huvunja vitalu kwa nondo, akawafunika sangara.
Kipande kikiangukia kwenye beseni kinaelea;
yeye haoni ajabu.
Vitu vingi vikiganda hujibana, huzama.
Maji yakiganda hutanua mabega,
huacha nafasi katikati,
hupanda juu yakawa paa.
Ziwa letu haligandi. Lakini wapo samaki
katika nchi nisizozijua
walio hai kwa sababu barafu ilijua kuelea.

Halafu ile wiki ya masika. Nyamizi,
miezi tisa, macho yamezama,
ngozi ya tumbo ukiifinya
inabaki ilivyofinywa.
Lita moja iliyochemka ikapoa.
Sukari, vijiko vidogo sita. Chumvi, nusu.
Nikakoroga, nikaitazama chumvi ikitoweka.
Haikutoweka. Maji yaliizunguka, chembe kwa chembe,
hasi ikiiita chanya,
yakaibeba hadi ilikotakiwa.
Kijiko. Subiri. Kijiko.
Alfajiri alikojoa.
Sijawahi kufurahia nguo iliyolowa namna ile.

Na ni maji hayohayo yaliyomletea ugonjwa.
Hayana mlango, hayaulizi jina la mgeni:
hewa anayopumua sato,
povu la wafuaji wa mwamba ule,
mbolea iliyoteremka na mvua kutoka mashambani,
wote karibuni, wote ndani.
Kazi yangu ni kusimama pale
ambapo ukarimu wao unakuwa hatari,
na klorini, na kijiti cha kukorogea.

Wanasema damu nzito kuliko maji.
Nimeiona kwenye darubini:
ni maji yenye mizigo, chumvi na chuma,
na haraka ya kufika.

Saa kumi kasoro. Majabali yalipoa tangu jioni;
ziwa bado lina vuguvugu la jana,
linalirudisha kidogokidogo
kama mdaiwa anayekwepa macho.
Naziba chupa. Namba, tarehe, saa.
Kwenye maoni naandika: kawaida.
Kisha nafungua bomba la maabara,
nakunywa glasi nzima nimesimama,
jambo ambalo mama alinikataza.